Hilux na trela ya maji: nawezaje kutumia lo (gia za nguvu na mwendo wa pole) kwenye lami bila kuharibu gari?

MamaVifaranga, Ahero

Hamjambo wenzangu. Nina swali la gari ambalo limeninyima usingizi, na nitalieleza kwa urefu maana nikificha kitu mtanishauri vibaya.

Kazi yangu ni kuzalisha vifaranga vya samaki hapa Ahero, ngege (tilapia) hasa na kambare kidogo. Wateja wangu wengi siku hizi wako juu, Nandi Hills na Kapsabet, watu waliochimba vidimbwi pembeni mwa chai. (Huwa nawaambia wazi kwamba ngege hukua polepole kwenye baridi ile. Wengine wamehamia kambare, wengine hawataki kusikia.) Mzigo naupeleka kwa Hilux dabo kebini, LN106, dizeli ya 2.8, gia za mkono. Mbele ina habu za kuzungusha kwa mkono, zile zilizoandikwa FREE na LOCK, za kuachia au kuunganisha magurudumu ya mbele na nguvu ya injini. Nyuma navuta trela yenye tangi la fibaglasi la lita 1,000. Humo natia maji kama lita 700, kisha kuna mtungi wa oksijeni na trela yenyewe. Kwa hesabu yangu ni kilo 1,200 hadi 1,300.

Kutoka Awasi hadi Chemelil ni tambarare ya miwa, hakuna neno. Ukishatoka Chemelil barabara inaanza kupanda ule ukuta wa Nandi, kona juu ya kona, lami tupu. Gari likiwa mwendoni linapanda vizuri tu. Shida ni kusimama. Lori limekwama mbele, au kuna kizuizi, au ng'ombe wanavuka, nasimama mlimani. Kung'oa nanga pale kwa gia ya kwanza ni lazima nipandishe moto na kuachia klachi nusu nusu mpaka harufu iingie ndani. Klachi pleti ya mwisho haikumaliza miezi 14.

Nikiharakisha kuiachia ndio mbaya zaidi, maana gari linaruka, maji yote yanakimbilia nyuma ya tangi halafu yanarudi mbele, na vifaranga vinagongwa ukutani. Vinafika vikiogelea, mteja anafurahi, siku ya pili vinaanza kuelea. Mwezi uliopita kati ya vifaranga 4,000 mteja alipoteza karibu 600, na mimi ndiye niliyerudisha. Nilivilea mwenyewe tangu vikiwa mayai mdomoni mwa mama zao. Si hasara ya pesa peke yake.

Fundi mmoja aliniambia nifunge habu, nitie L4 (lo kwa magurudumu yote manne), nipande hivyo. Nilifanya. Kung'oa kulikuwa kutamu, kama gari limesukumwa kwa kiganja. Lakini kona ya kwanza iliyojikunja, usukani ukawa mzito, tairi zikalia, gari likawa linashtuka kama linarukaruka. Kufika juu gia ndogo, ule mkono wa kuchagua lo, ikakataa kutoka L4. Kijana wangu alirudisha gari nyuma kidogo ndipo ikatoka. Wiki ile ile kros (kiungo) ya propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu mbele, ikaanza kucheza.

Sasa fundi mwingine anataka kufungua transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), atoe kipini fulani kinachofunga reli za gia ndogo, ili nipate lo kwa miguu (magurudumu) ya nyuma peke yake. Anataka shilingi 38,000 na gari likae kwake siku nne. Je, kitu hicho kinafanya kazi? Nitavunja nini? Kuna njia nyingine?

Fundi wa Shabab, Nakuru

Mama, pole kwa klachi na pole zaidi kwa vifaranga. Usilipe hizo 38,000. Kitu unachotaka kununua tayari unacho miguuni mwa mbele.

Gia ndogo yako ina nafasi nne: H2, H4, N na L4. H ni hai, yaani gia za kawaida, L ni lo, na namba ni idadi ya magurudumu yanayovuta. Kiwanda kilifunga lo na foa-wili (kuvuta kwa magurudumu manne) pamoja, huwezi kupata moja bila nyingine pale kwenye mkono. Lakini habu zako zikiwa FREE, ukitia L4 transfa itazungusha propela ya mbele na difu ya mbele (gia zinazoruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti), halafu nguvu inafia pale kwenye habu. Gurudumu la mbele halijui lolote. Hapo una lo ya miguu ya nyuma tu, bila kufungua boliti hata moja. Kile kipini ambacho fundi anataka kutoa kina maana kwa gari lisilo na habu za mkono. Kwako ni kufungua transfa nzima bure, na transfa ikishafunguliwa uani penye vumbi hairudi ilivyokuwa.

Kuhusu kilichokupata kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma. Transfa yako haina difu katikati, kwa hiyo propela ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye matope au murram tairi inateleza kidogo na ile tofauti inaishia chini. Kwenye lami kavu tairi haikubali kuteleza, tofauti inajisokota ndani ya vyuma kama kamba inavyosokotwa. Ndiyo maana gia ndogo iligoma, meno yalikuwa yamebanwa. Kijana wako alifanya jambo sahihi kabisa kurudisha nyuma, maana ndiyo kuisokotoa. Usirudie tena kufunga habu kwenye lami kavu.

Sasa upande wa hatari, na hapa nisikilize vizuri. Lo ya Hilux yako inazidisha nguvu mara 2.28. Kiwanda kilitarajia nguvu hiyo igawanywe kwa ekseli mbili. Wewe utaipeleka yote nyuma. Injini hiyo inatoa karibu Nm 190 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nikichukulia gia ya kwanza ni 3.93, ukikanyaga mafuta hadi chini propela ya nyuma itapata karibu Nm 1,700, badala ya 750 za kawaida. Kwenye matope tairi ingezunguka bure na kuokoa vyuma. Kwenye lami kavu na gari lina mzigo, tairi inashika, na kilicho dhaifu ndicho kitakachokatika: kros, au meno ya difu, au hafu-shafti (chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu). Kwa Hilux yako hafu-shafti hiyo hiyo ndiyo inayobeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu linaweza kutoka.

Lakini usiogope bado. Nilikaa na karatasi. Chukua gari na mzigo wake kilo 1,900, trela kilo 1,300, mlima wa mita 8 kwa kila mita 100, difu ya 4.1, tairi ya kawaida. Kulizuia lote lisirudi na kulianzisha polepole kunahitaji kama Nm 260 kwenye propela. Hiyo haibadiliki, uwe hai au lo, kwa sababu mlima ndio unaoidai. Kinachobadilika ni injini: kwa hai itoe Nm 65, kwa lo itoe chini ya Nm 30, ambazo inazitoa karibu bila kukanyaga mafuta. Kwa hiyo ukianza taratibu kwa lo, difu yako ya nyuma haibebi zaidi ya inavyobeba leo. Inaumia tu ukikanyaga ghafla au ukiachia klachi kwa kishindo. Usalama wa jambo hili lote uko kwenye mguu wako wa kulia.

Na klachi ndipo utakapofurahi. Injini ikiwa mizunguko 1,000, gia ya kwanza hai inataka gari liende kilomita 8 kwa saa ndipo klachi ishike kamili. Kwa lo ni kilomita 3.6. Moto unaoliwa na klachi katika kulichomoa gari unafuata mraba wa mwendo huo, yaani unapungua karibu mara tano.

Fanya haya kabla ya safari: kros zote mbili za propela ya nyuma zikaguliwe, oili ya difu ibadilishwe, boliti za propela zikazwe. Habu zote mbili hakikisha ziko FREE, moja isibaki LOCK. Simama kabisa kabla ya kuingia au kutoka L4. Na niambie: trela ina breki zake?

MamaVifaranga, Ahero

Fundi, nimesoma mara tatu. Trela ina breki za kusukumwa, zile ambazo trela ikisukuma gari kwa nyuma zinashika zenyewe. Zilifanyiwa kazi mwezi wa sita.

Naomba unifafanulie moja. Nikishang'oa kwa lo nafanyaje? Nisimame tena katikati ya mlima kurudi hai?

Fundi wa Shabab, Nakuru

Hapana, panda nayo mpaka juu. Watu hudhani lo ni ya kutambaa tu. Gia yako ya 4 ndani ya lo ni karibu sawa na ya 2 ya hai. Ya 3 ya lo inaangukia katikati ya 1 na 2 za hai, mahali ambapo leo huna gia kabisa. Kwa mizunguko 2,500, lo ya 3 itakupa kama kilomita 25 kwa saa na ya 4 kama 35. Kwa ukuta ule na maji nyuma, hiyo ndiyo kasi yako hata hivyo. Anza na ya 1 au hata ya 2, panda taratibu. Ukifika juu ambapo pametulia, egesha, rudi H2.

Na kila mwezi funga habu utembee nazo kilomita chache kwenye murram, ili grisi ya ndani ienee.

Njoro80, Njoro

Dada, naongeza kwa wale wenye gari la aina nyingine, maana wataisoma hii wakaenda kujaribu.

Mimi navuta trela ya viazi kutoka Mau Narok kwa Land Cruiser ya 80, ile ya foa-wili muda wote. Haina habu za kufungua. Ina difu katikati, kwa hiyo kwenye lami haijisokoti, ila ukitia lo tu, gari lenyewe linaifunga difu ya katikati kwa umeme na unarudi kwenye shida ile ile ya kona. Dawa yake ni ndogo: kwenye relei ya kufunga difu ya katikati kuna waya wa pini namba 7. Ukichomolewa, lo inaingia bila difu kufungwa, na unaweka swichi ya kuifunga unapotaka mwenyewe. Nilifanyiwa hivyo na fundi wa umeme wa magari, saa moja haikuisha. Nguvu inakwenda miguu minne na kona zinapita laini. Nikiingia matope ya Mau nabonyeza swichi.

Hakikisha tu taa ya difu kwenye dashibodi bado inawaka na kuzima ipasavyo, usije ukadhani imefunguka kumbe imefungwa.

Kijana wa Pajero, Kisumu

Na Pajero ya Super Select je? Mimi hutumia 4H kwenye lami mvua ikinyesha na haina shida. Naweza kutumia ile 4LLc (lo ya miguu minne) nikipanda kilima cha Riat?

Fundi wa Shabab, Nakuru

4H yako ni salama kwa sababu difu ya katikati iko wazi. 4LLc inaifunga, usiingie nayo kona kwenye lami kavu. Riat panda na 4H au 2H.

Defender ya Kakamega

Nitasema kidogo tu. Defender yangu ni foa-wili muda wote na lo yake ni 3.32, fupi kuliko ya Hilux. Difu ya katikati unaifunga wewe mwenyewe kwa mkono, isipofungwa unatumia lo kwenye lami bila wasiwasi. Nikiwa na trela nzito nang'oa kwa lo, gari likishika mwendo napanda hai bila kusimama, kwa kukanyaga klachi mara mbili. Mama usijaribu hilo kwa Hilux, fundi amekwambia usimame, na usimame.

Dereva mstaafu, Kapsabet

Binti yangu, nimeendesha tangi la maziwa miaka 22, mengi ya hayo nikishuka na kupanda huko huko unakosema. Wenzangu hapa wamezungumza juu ya vyuma. Mimi nitazungumza juu ya maji, kwa sababu nadhani nusu ya shida yako iko humo.

Tangi la lita 1,000 lenye lita 700 ni tangi baya. Ile nafasi tupu ndiyo inayoyapa maji mahali pa kukimbilia. Tangi lililojaa hadi shingoni halichezi, na tangi lisilojaa lazima ligawanywe ndani kwa kuta zenye matundu, maji yapite polepole yasikimbie. Sisi wa maziwa tulijifunza hilo kwa ajali, maziwa yalisukuma lori kwenye kona dereva akiwa tayari amekanyaga breki. Tangi lako ni la fibaglasi, kwa hiyo kuta mbili za ndani hazitakusumbua. Pale Kibuye, Kisumu, kuna mafundi wa jua kali wanaojua kufanya kazi hiyo. Matundu yawe na kingo laini, maana wewe umebeba kitu chenye mapezi.

La pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mnazungumza kupanda tu. Utarudi, na huko juu saa za alasiri mvua haiombi ruhusa. Ukishuka na lo huku habu ziko FREE, injini inashika miguu ya nyuma peke yake. Lami ikiwa imelowa, gari tupu, mguu ukiondoka ghafla kwenye mafuta ukiwa gia ya 1 ya lo, tairi za nyuma zinaweza kuteleza kama umevuta breki ya mkono, na trela ikusukume upande. Nimeona gari na trela yake vikikunjana kama kisu, sitaki kuona tena. Kushuka, shuka na hai, gia ya 2, uichague kabla mteremko haujaanza, na breki uziguse kidogo kidogo.

Na umwage maji yote huko juu kabla ya kurudi. Usirudi na nusu tangi.

MamaVifaranga, Ahero

Mzee wangu, asante sana. Kweli huwa narudi na maji, maana naona uchungu kumwaga maji safi niliyotia chumvi na kuyapoza. Sitafanya hivyo tena.

Nilimpigia yule fundi wa 38,000 nikamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akakubali kwamba hakuwa ameziangalia habu. Namshukuru kwa kukubali.

Nitafanya kuta kwanza, halafu kros, halafu nijaribu.

MamaVifaranga, Ahero (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Kuta mbili zilitengenezwa Kibuye, za fibaglasi, kila moja na matundu sita ya ukubwa wa kikombe, kingo zimesuguliwa hadi nikapitisha kitambaa cha hariri bila kukwaruza. Tangi lilikaa siku kumi na maji yanayobadilishwa kila siku ili harufu ya gundi iishe. Nilitia kambare watano kwanza, wakakaa salama siku tatu.

Kros moja ya nyuma ilikuwa imekauka kabisa, tumeweka mpya. Oili ya difu ilitoka nyeusi lakini haikuwa na vipande vya chuma.

Jaribio la kwanza nilifanya na maji matupu, bila samaki. Nilipita Chemelil alfajiri kijana wangu akiwa pembeni. Kabla ya mlima niliegesha, nikashuka na tochi kuhakikisha habu zote mbili ziko FREE, nikatia L4. Katikati ya ukuta nikasimama kwa makusudi mahali penye nafasi, kijana akaweka jiwe nyuma ya tairi, nikang'oa kwa gia ya 2 ya lo. Niliachia klachi bila kugusa mafuta. Injini ilishuka kidogo sauti, ikajikaza, gari likaondoka. Nilinusa, sikusikia chochote. Kijana alibaki nyuma ameshika jiwe, akalazimika kutembea haraka kutufikia. Kona ile iliyonitesa ilipita kimya na usukani mwepesi. Kufika juu gia ndogo ilitoka kwa vidole viwili.

Alhamisi iliyopita nilikwenda na mzigo wa kweli, ngege 2,500 na kambare 1,000, sikuwalisha tangu siku iliyotangulia kama kawaida. Tulisimama mara tatu mlimani, mara moja karibu nusu saa nyuma ya lori la chai. Nilikuwa nafungua kifuniko kila tukisimama. Kabla, maji yalikuwa yanapiga kifuniko nikianza. Safari hii yalikuwa yanapanda na kushuka polepole kama mtu anayepumua.

Mteja alinipigia Jumamosi jioni. Wamekufa 38, wote ngege wadogo. Nilimwomba arudie idadi.

Kurudi nilimwaga maji kwenye mtaro wa shamba lake la chai, nikashuka na hai gia ya 2. Mvua ilitukuta nusu ya njia, kubwa kweli. Nilimkumbuka mzee wa Kapsabet kila kona.

Fundi, kuna kitu kimoja nataka ukisikie. Nikiwa lo ya 3, kwenye mizunguko kama 2,000, kuna mlio mwembamba unatoka mbele, chini ya miguu ya abiria. Ukiingia H2 unapotea. Si kelele ya kutisha lakini upo.

Fundi wa Shabab, Nakuru

Hongera mama, nimefurahi sana, hasa kwa hiyo 38.

Huo mlio nadhani ni propela ya mbele. Ukiwa L4 inazunguka hata kama habu ziko FREE, na ile kros uliyosema ilianza kucheza siku ulipofunga habu, je, uliibadilisha? Uliniandikia ya nyuma tu.

MamaVifaranga, Ahero

Sikuibadilisha. Nilidhani kwa kuwa haibebi mzigo inaweza kungoja. Naipeleka kesho kabla ya safari ya Kapsabet.

Fundi wa Shabab, Nakuru

Ipeleke. Haibebi mzigo lakini ikikatika ikiwa inazunguka, propela itapigapiga chini ya gari na mabomba ya breki yako karibu. Ukishindwa kupata spea kabla ya safari, fungua boliti za propela ya mbele ncha zote mbili, uitoe uiweke ndani ya gari. Kwa lo ya miguu ya nyuma huihitaji kabisa.